Mezani Korea: Maneno ya Kumfaa Mama Mgeni

Je, dada msomaji, umewahi kukaa mezani ugenini, chakula kimejaa mbele yako, wenyeji wanakukaribisha kwa tabasamu, nawe huna hata neno moja la kuuliza kilichomo bakulini? Mimi yalinipata. Ilikuwa Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, katika mwezi wangu wa kwanza baada ya kumfuata baba watoto aliyekuwa masomoni huko. Nilikuwa na mtoto wetu wa kiume wa miaka sita. Tangu akiwa mdogo mwili wake haupatani na kamba wa baharini. Akionja tu, midomo huvimba.

Tuliingia katika mgahawa mdogo wa mtaani. Nilitazama meza za wengine nikachagua kile kilichoonekana salama kuliko vyote: yai lililopikwa kwa mvuke, laini, la manjano, lisilo na pilipili. Chakula cha mtoto hasa! Alikula vijiko vitatu, akaanza kujikuna shingo. Sikujua kwamba Wakorea wengi hulikoleza yai hilo kwa uduvi waliohifadhiwa kwa chumvi. Mama mwenye mgahawa alimtazama mtoto usoni mara moja tu, akakimbilia simu na kupiga 119, namba ya gari la wagonjwa nchini humo. Namshukuru Mungu, hospitali walimwahi, na jioni tulikuwa nyumbani. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa nimejifunza Kikorea cha salamu na cha kushukuru, na neno “kamba” sikulijua.

Siku hizi si ajabu kumwona mwanamke wa kwetu akisafiri kwenda Korea: mwanafunzi, mke wa mwanafunzi, mgeni wa kanisa, mfanyabiashara. Ndiyo maana nimeona niandike maneno yaliyonisaidia baadaye. Nimeyaandika jinsi Mswahili atakavyoyasoma, si kama vitabu vya lugha vinavyoandika. Soma irabu zetu tano kama kawaida, na “ng'” kama katika ng'ombe. Wakorea wana “o” mbili na “u” mbili ambazo masikio yetu hayazitofautishi haraka, lakini ukiwa mezani watakuelewa.

Mlangoni

Ukiingia utasikia sauti ikiita, “Oso oseyo!” Maana yake ni karibu. Jibu kwa kuinamisha kichwa kidogo na kusema “Annyong'haseyo”, salamu inayofaa asubuhi, mchana na jioni. Swali litakalofuata ni “Myot buniseyo?”, yaani mko wangapi. Kama ni wawili sema “Du myong'iyo”, watatu “Se myong'iyo”. Wanne ni “Ne myong'iyo”, na hapo Mswahili hawezi kusahau! Ila kumbuka kwamba “ne” ikisemwa peke yake ni “ndiyo”. Hapana ni “Aniyo”.

Kumwita anayehudumia, usione haya kupaza sauti. Kwetu tungeona ni ukosefu wa adabu, lakini kule ndiyo desturi: “Yogiyo!”, ni kama kusema “hapa jamani”. Migahawa mingi ina kengele mezani, unabonyeza tu.

Lakini liko neno jingine nililolipenda zaidi. Katika migahawa ya kawaida, mama wa makamo anayepika na kuhudumia huitwa “imo”. Imo ni ndugu wa kike wa mama, yaani mama mdogo au mama mkubwa. Shangazi, ndugu wa baba, ana jina lake jingine kabisa, “gomo”. Niliposikia hayo nilicheka peke yangu. Nilisafiri safari ndefu hivyo kukuta watu wanaopanga ukoo kama sisi! Ukimwita “imo” kwa upole uso wake hulegea. Lakini jihadhari na neno “ajumma”, ambalo ni mwanamke mtu mzima. Wengi huliona la kudharau. Binti wa miaka ishirini naye usimwite imo. Huyo “yogiyo” inamtosha.

Kuagiza

Neno moja litakubeba siku zote: “juseyo”. Linafanya kazi kama “naomba” yetu. Taja kitu, halafu malizia nalo. “Mul juseyo”, naomba maji. “Poku juseyo”, naomba uma, maana vijiti vyao ni vya chuma, vyembamba, na vinateleza. Usipojua jina la chakula, onyesha picha useme “Igo juseyo”, naomba hiki. Nyama ya kuchoma mezani huagizwa kwa idadi ya watu, na mara nyingi hawauzi ya mtu mmoja. Sema “I inbun juseyo”, ya watu wawili.

Vibakuli vidogo vya mboga na kimchi vinavyoletwa pamoja na chakula havilipiwi. Vikiisha, sema “Igo do juseyo”, naomba hiki tena, nawe utaongezewa. Mimi wiki mbili nzima nilikuwa nikiwanyima watoto vile vibakuli, nikidhani kila kimoja kina bei yake.

Pilipili ni suala la kweli. Uliza “Mewoyo?”, je, kinawasha? Ukitaka wasitie, “An mepke he juseyo.” Nikuonye, mama: “hakiwashi” ya Mkorea na “hakiwashi” yako huenda zisilingane. Onja wewe kwanza ndipo umpe mtoto. Vyakula vilivyotutuliza ni “juk”, uji wa mchele unaopikwa na kuku au mboga. “Samgyetang'”, kuku mdogo mzima aliyejazwa wali na kuchemshwa pamoja na mzizi wa jinseng. Na “sollongtang'”, supu nyeupe ya mifupa ya ng'ombe ambayo chumvi unatia mwenyewe.

Kuuliza kilichomo

Hapa ndipo nataka utulie, hasa wewe mwenye mtoto au mgonjwa. Kamba ni “seu”, na neno hilohilo hutumika kwa uduvi. Kabla hamjashika kijiko, uliza “Seu durogayo?”, je, hiki hutiwa kamba? Kisha eleza: “Uri ai, seu mon mogoyo”, mtoto wetu hawezi kula kamba. Mama wa Kikorea husema “mtoto wetu” hata akiwa peke yake, wala hasemi “mtoto wangu”. Ongeza “Seu allerugi issoyo”, ana mzio wa kamba, wajue kwamba si suala la kuchagua chakula.

Usiulizie kitoweo kikubwa tu. Kimchi, ile kabichi ya pilipili isiyokosekana mezani, mara nyingi hutengenezwa kwa uduvi wa chumvi au mchuzi wa samaki. Supu nyingi zinazoonekana kama maji matupu zimechemshiwa dagaa wa baharini, “myolchi”. Na yai nimeshakusimulia.

Maneno “mon mogoyo”, siwezi kula, yanaungana na kitu chochote. Karanga ni “tangkong'”, nyama ya nguruwe ni “dweji gogi”, ya ng'ombe “so gogi”, ya kuku “dak gogi”. Ikiwa huli damu, kaa mbali na “sunde”, utumbo uliojazwa damu na tambi. Na pombe ni “sul”. Wenyeji hupenda kumjazia mgeni glasi, nawe ukisema “Sul mon masyoyo”, situmii pombe, huku umeishika glasi yako kwa mikono miwili kwa heshima, hakuna atakayekasirika. Wapo Wakristo wengi Korea wasiokunywa, na jibu hilo wamelizoea.

Siku hizi migahawa mingi ina mashine ya kuagizia mlangoni au mezani, yenye picha. Ni nzuri kwa asiyejua lugha, lakini mashine hujui kuieleza habari za mzio. Mtafute mtu. Bora zaidi, mwombe mwenyeji wako akuandikie sentensi ile ya kamba kwa herufi za Kikorea kwenye kikaratasi, ukae nacho katika mkoba. Mimi ninacho mpaka leo.

Kula na kuondoka

Mkubwa wa umri ndiye anayeanza kula. Wali na supu huliwa kwa kijiko, na bakuli halinyanyuliwi. Vijiti usivisimamishe ndani ya wali, kwani hivyo ndivyo wanavyofanya katika chakula cha kuwakumbuka wafu. Kabla ya kuanza wanasema “Jal mokkessumnida”, nitakula vizuri, ambayo ni shukrani kwa aliyepika au anayelipa. Wakati wa kula, “Masissoyo”, kitamu! Mkimaliza, “Jal mogossumnida”, nimekula vizuri. Malipo hufanyika penye kaunta karibu na mlango: “Gyesan he juseyo.” Bakshishi haitolewi, nilipoacha hela mezani, kijana alinifukuza barabarani akidhani nimezisahau.

Baada ya wiki tatu nilijikaza nikarudi katika mgahawa ule ule, mtoto nikimshika mkono. Niliita “Imo!” Akatoka jikoni, akatukumbuka, akasimama kimya. Nikaisema sentensi yangu yote, polepole, kuanzia “uri ai”. Akaitika “ne, ne”, akarudi jikoni. Muda mfupi baadaye alileta chungu kidogo cha yai linalofuka mvuke, akalionyesha kwa kidole na kupunga mkono hewani.

“Seu opsoyo”, alisema. Hakuna kamba.

Mtoto alinitazama mimi kwanza. Nilipomkubalia kwa kichwa, akamgeukia yule mama na kusema “Jal mokkessumnida”, kisha akachukua kijiko.