Mizimu ya Runinga

Je, mmewahi kudanganywa na picha mbaya? Mimi yamenipata. Likizo iliyopita, binamu yangu alituonyesha filamu iitwayo WNUF Halloween Special. Rangi zilikuwa zimefifia, picha zinachezacheza, na matangazo ya biashara yanaingia katikati. Mwanahabari anaingia katika nyumba inayosemekana ina mashetani. Nikaamini ni kipindi halisi cha runinga ya Marekani cha mwaka 1987. Lo! Usiku ule sikuthubutu kwenda msalani peke yangu.

Kumbe ilitengenezwa na Chris LaMartina, ikatoka mwaka 2013, kwa pesa kidogo mno! Hata matangazo yale yalikuwa ya mzaha tu. Filamu ilinakiliwa kanda hadi kanda makusudi, ndipo ichakae. Asiye na pesa za kuunda zimwi la kutisha huchakaza picha, nasi tunajitisha wenyewe.

Ujanja huu si mpya. Tarehe 31 Oktoba 1992, BBC ya Uingereza ilionyesha Ghostwatch, mchezo uliorekodiwa mapema ukajifanya matangazo ya moja kwa moja. Jina la mtunzi, Stephen Volk, lilionyeshwa mwanzoni kabisa. Lakini mtangazaji mashuhuri Michael Parkinson alikuwemo, akiigiza kama yeye mwenyewe, basi wengi wakasadiki, simu zikamiminika.

Wenzangu, watu wale hawakuamini mzimu. Waliamini uso waliouzoea. Nami niliamini uchakavu. Wahenga walisema macho hayana pazia. Basi ukionyeshwa ajabu, kabla hujatetemeka uliza: nani kaitengeneza?