Haut-Lomami: Samaki wa Lualaba, shahidi wa maji yanayotoka kwenye migodi

Kamina haina mto mkubwa wala ziwa, lakini samaki hakosi sokoni. Kambale wa moshi, tilapia wabichi na wa chumvi wanatoka Bukama, Kinkondja na kandokando ya maziwa Upemba na Kisale. Kwa familia nyingi za mji huu mkuu wa jimbo la Haut-Lomami, huyo ndiye nyama ya kila siku. Kwa mama anayemuuza, ndiye ada ya shule ya watoto.

Samaki huyo anakula na kupumua ndani ya maji yanayotoka mbali. Mto Lualaba unapita kwanza eneo la Kolwezi, kwenye migodi ya shaba na kobalti, kabla ya kushuka Bukama. Mto Lufira nao unapokea maji ya upande wa Likasi, kisha unakuja kuungana na Lualaba ndani ya bonde la Upemba. Huko maji yanatulia kati ya mafunjo na maziwa. Na maji yanapotulia, matope yanayobeba metali yanatua chini, mahali ambapo kambale anatafuta chakula chake.

Je, samaki wa Haut-Lomami ni salama? Swali hilo halijibiwi kwa macho. Samaki mwenye kobalti au risasi mwilini anaweza kunenepa na kung'aa sawa na mwingine. Anajibiwa na maabara.

Huko juu ya Lufira, kazi hiyo imekwisha kufanywa. Ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la umeme la Mwadingusha, linapokea maji yanayopita kwenye viwanda vya Likasi. Mwaka wa 2010, watafiti wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wa shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimiamu, uraniamu na metali zingine katika viumbe vya maji ya Lufira ya juu. Mwaka wa 2016, watafiti wengine walitangaza kwamba samaki wa ziwa hilo wana metali kwa kiasi cha kutia wasiwasi kwa watu wanaowala.

Kwa nini kupima samaki, na si maji peke yake? Chupa ya maji inasema habari ya saa ile tu ilipojazwa. Kama kiwanda kilimwaga uchafu usiku, asubuhi maji yanaweza kuwa yamekwisha kupita. Samaki anabaki. Kila siku anavuta maji kwa mashavu yake na kumeza chakula, na metali inajikusanya ndani ya ini, figo na mashavu kwa miezi na miaka. Kumpasua na kumpima ni kama kusoma daftari ambamo mto wenyewe umeandika.

Lakini si kila samaki anafaa. Watafiti wanachagua aina isiyohamahama, ili uchafu utakaopatikana uwe wa mahali pale. Wanalinganisha pia anayekula chini kwenye matope, kama kambale, na anayekula majani au mimea midogo ya majini, kama tilapia. Wengine wanahesabu hata vijidudu vinavyoishi kwenye mashavu ya samaki, kwa sababu aina zingine zinapungua maji yanapochafuka. Kuna pia njia ya kuweka samaki wazima ndani ya vizimba, kimoja juu ya kiwanda na kingine chini yake, kisha kuwapima baada ya majuma kadhaa. Tofauti kati ya vizimba hivyo inaonyesha uchafu unaingilia wapi.

Wakati mwingine ushahidi unakuja kwa nguvu. Tarehe 18 Februari 2025, huko Zambia, ukuta wa bwawa la uchafu wa mgodi wa shaba ulibomoka karibu na Chambishi. Maji yenye asidi yaliingia mto Kafue, na samaki waliokufa walionekana mbali sana chini ya mto. Uchafu unaoingia polepole haufanyi kelele namna hiyo. Unaishia ndani ya sahani.

Mwaka wa 2009, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana kwenye mkojo, hasa watoto. Uchunguzi uliofuata ulitaja chakula na vumbi kuwa kati ya njia zinazoingiza metali hiyo mwilini.

Kwa mpishi, kuna jambo moja la kushika: moto, moshi na chumvi vinaua vijidudu, lakini haviondoi metali. Kwa kuwa metali nyingi zinajikusanya ndani ya ini, figo na mashavu, kutupa viungo hivyo kunapunguza kiasi kinachoingia chunguni, hata kama hakumalizi.

Kwa mvuvi, jambo ni la haki. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inamtaka mwenye mgodi kulipa madhara yanayotokana na kazi yake, hata kama hakukosea. Lakini anayedai malipo anaulizwa: maji yalikuwa namna gani mbele? Bila vipimo vya leo, Bukama na Kinkondja hazitakuwa na jibu siku ile samaki wataelea.

Kipimo kinamlinda pia muuzaji. Uvumi mmoja tu kwamba samaki wana sumu unaweza kufunga meza zote za soko la Kamina, na uvumi haujibiwi kwa maneno. Samaki wachache wakichukuliwa Bukama na Kisale kila mwaka, kiangazi na masika, na kupelekwa kwenye maabara ya Lubumbashi, mama muuzaji atakuwa na karatasi ya kumwonyesha mteja.