Mganga Hajigangi: Meno ya Wanaosomea Udaktari wa Meno

Leo tunazungumza juu ya meno. Najua unasema moyoni, "Hayo tunayajua: piga mswaki asubuhi na usiku, punguza vitu vitamu, nenda kwa daktari wa meno." Ni kweli, unayajua. Ndiyo maana leo nataka tuwaangalie watu wanaoyajua kutushinda sisi, yaani wanafunzi wanaosomea udaktari wa meno. Je, wao wenyewe wanatunza vinywa vyao?

Wahenga walisema mganga hajigangi. Huko Japani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hiroshima walitunga maswali 20 mafupi ya kujibu ndiyo au la. Yanahusu jinsi mtu anavyoyaona na kuyatunza meno yake, na alama za juu kabisa ni 12. Maswali hayo yameulizwa wanafunzi wa udaktari wa meno katika nchi nyingi.

Mwaka 2000 yalichapishwa majibu ya wanafunzi wa Japani na wa Ufini, nchi iliyo kaskazini mwa Ulaya. Swali moja lilihusu kuahirisha kwenda kwa daktari wa meno mpaka jino liume. Kati ya kila Wafini 100, ni 2 tu waliokubali kwamba wao hufanya hivyo. Kati ya kila Wajapani 100, walikubali 56. Na hawa wote ni madaktari wa meno wa kesho!

Kwa nini tofauti kubwa namna hiyo? Ufini ilipitisha sheria mwaka 1972 iliyoleta huduma ya meno bila malipo kwa watoto katika vituo vya afya. Mtoto wa huko alizoea kukaguliwa meno akiwa haumwi na chochote. Kwa hivyo tabia ya kinywa hujengwa nyumbani na utotoni, kabla kitabu hakijafunguliwa.

Kuna jambo la pili ambalo limeonekana katika nchi nyingi. Wanafunzi wa miaka ya mwisho hupata alama nzuri kuliko wale wa miaka ya kwanza. Yule wa kwanza bado yuko kwenye vitabu na maabara. Yule wa mwisho ameshika kioo kidogo cha daktari, ametazama kinywani mwa wagonjwa, ameona fizi zilizooza na meno yanayolegea. Akirudi chumbani kwake usiku, hawezi tena kulala bila kupiga mswaki. Kusikia kulimfundisha, lakini kuona ndiko kulikombadilisha.

Basi, msikilizaji, nawe jipime. Jibu kimoyomoyo.

Swali la kwanza: je, fizi zako hutoka damu ukipiga mswaki? Wengi wetu huona hilo ni jambo la kawaida. Si la kawaida. Mara nyingi ni dalili kwamba ukoga, ule uchafu laini unaonata kwenye meno, umekaa muda mrefu na kuziudhi fizi. Ukiacha kupiga mswaki kwa kuogopa damu, ukoga huzidi, halafu huganda ukawa mgumu kama jiwe. Endelea kusafisha hapo kwa upole. Damu isipokoma baada ya wiki mbili hivi, nenda ukaangaliwe.

Swali la pili: je, unaamini kwamba meno hayatakati mpaka uyasugue kwa nguvu? Nguvu nyingi hula meno na kusukuma fizi nyuma. Tumia mswaki laini na dawa yenye floraidi kwa dakika mbili, ukipita kila jino mbele, nyuma na juu. Tema povu, lakini usisukutue kwa maji mengi. Na wewe uliyekulia Nakuru au Naivasha, ambako maji ya visima vingi yana floraidi nyingi, madoa ya kahawia huwa yameingia ndani ya jino lenyewe. Mchanga na makaa havitayaondoa, vitalimaliza jino tu.

Swali la tatu: je, baada ya kupiga mswaki hujitazama kwenye kioo? Hili halina gharama. Simama penye mwanga, vuta mdomo, tazama pale jino linapokutana na ufizi. Ukiona utando mweupe au wa manjano, rudia. Wakague na watoto vilevile. Doa jeupe kama chaki au jeusi kwenye jino huenda likawa mwanzo wa kutoboka.

Swali la nne ndilo lile la Wajapani na Wafini: je, unangoja mpaka liume? Hapa ndipo tunapoumia. Tundu dogo haliumi, na huzibwa kwa muda mfupi. Likifika kwenye neva, unalala umeshika shavu, unaweka tembe ya aspirini juu ya jino inayokuunguza ufizi, na mwishowe jino linang'olewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena sikiliza vizuri. Jino lililooza likifanya usaha, maambukizi yanaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Uso ukivimba na una homa, au huwezi kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Watu hufa kwa jino.

Kama vijana wanaosomea meno huahirisha, sisi tusijione wabaya. Lakini tusingoje yale yaliyowabadilisha yatupate vinywani mwetu. Usiku wa leo chukua kioo, jitazame, kisha mwite mtoto naye ajitazame. Siku utakayompeleka mtoto kliniki kwa jambo jingine, uliza siku ambayo afisa wa meno hupatikana, mkakaguliwe wote wawili mkiwa hamna maumivu.