Mpasuko wa njia ya haja kubwa: Leza si tiba ya kwanza

MAUMIVU makali mithili ya kukatwa na wembe wakati wa kujisaidia, yakifuatiwa na matone ya damu nyekundu, huwafanya wengi waamini kuwa wana bawasiri. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo ni mpasuko mdogo kwenye ngozi laini ya njia ya haja kubwa, unaosababishwa zaidi na choo kigumu.

Kwa mkazi wa Kata ya Masukulu, wilayani Rungwe, tofauti hiyo ina uzito. Akifunga safari moja kwa moja kutafuta upasuaji wa leza mjini, anaweza kutumia fedha nyingi kwa tatizo ambalo pengine lingekwisha kwa matibabu yanayoanzia zahanati.

Mpasuko mpya kwa kawaida hupona ndani ya wiki chache. Ukizidi wiki 6 hadi 8 huhesabiwa kuwa sugu. Maumivu huufanya msuli wa ndani wa njia hiyo ukaze. Mkazo hupunguza damu inayofika kwenye kidonda, nacho kikikosa damu ya kutosha hakiponi. Ndiyo maana lengo kuu la tiba ni kuulegeza msuli huo.

Mgonjwa huanza kwa kulainisha choo: maji ya kutosha, dona badala ya sembe, maharage, mboga na matunda. Kukalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15 hupunguza maumivu. Asipopona, daktari huandika dawa ya kupaka inayolegeza msuli, kama vile diltiazemu, kwa wiki kadhaa.

Hayo yakishindikana, hufuata upasuaji wa kukata sehemu ndogo ya msuli. Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 hupona, ingawa baadhi yao hubaki na udhaifu wa kuzuia upepo au choo.

Leza ni mwanga mkali uliokusanywa mahali pamoja. Hukata kwa joto huku ikiziba mishipa midogo ya damu, na hutumika kuondoa kovu la mpasuko au kukata msuli. Lakini msuli uliokatwa kwa leza umekatwa vilevile, na hatari ya udhaifu haiondoki. Aidha, ushahidi kwamba leza inaushinda upasuaji wa kawaida bado ni mdogo.

Muhimu zaidi ni uchunguzi. Mpasuko ulio pembeni, damu iliyochanganyika na choo au kupungua uzito huweza kuashiria kifua kikuu, maambukizi ya VVU au saratani. Mwenye dalili hizo hupaswa kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Makandana, Tukuyu, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya.

Wengi huchelewa kwa kuona aibu. Aibu hiyo ndiyo inayougeuza mpasuko wa wiki chache kuwa ugonjwa wa miaka.