Mabwawa ya Guangdong: uvumbuzi wa kale wa kutunza hewa na maji

Waafrika Mashariki wengi wanaoufahamu mji wa Guangzhou wanaufahamu kwa biashara. Wanaujua mtaa wa Xiaobei, wanayajua masoko ya jumla ya Sanyuanli, na wanayajua maonyesho makubwa ya bidhaa yanayofanyika mara mbili kwa mwaka tangu mwaka 1957. Lakini ni wachache wanaotoka nje ya mji kwenda kuangalia mabwawa ya samaki ya delta ya Mto Zhujiang, ingawa safari si ndefu. Tangu mwaka 2022, njia ya 7 ya metro ya Guangzhou inafika hadi wilaya ya Shunde katika mji jirani wa Foshan, na zamani eneo hilo lilijaa mabwawa.

Tunayaandika haya kwa sababu nyumbani Afrika Mashariki watu wengi sasa wanachimba mabwawa ya samaki, na baadhi yao wanakuja Guangdong kutafuta mashine. Kabla ya kulipia mashine, inafaa kufahamu jinsi wakulima wa huku walivyoweza kwa karne kadhaa kuyapa mabwawa yao hewa safi na maji safi bila umeme wala injini.

Delta ya Mto Zhujiang ni nchi ya chini inayofurika mara kwa mara. Wakulima wa zamani walichimba sehemu za mabondeni zaidi, na udongo uliotoka wakaurundika pembeni. Shimo likawa bwawa la samaki, na udongo ukawa tuta refu lisilofikiwa na mafuriko. Kipimo kilichojulikana sana kilikuwa sehemu sita za tuta kwa sehemu nne za maji. Juu ya matuta walipanda kwanza miti ya matunda, na baadaye miforosadi, yaani miti ambayo majani yake ni chakula cha viwavi wa hariri.

Mzunguko ulikuwa hivi. Majani ya mforosadi yalilishwa viwavi. Kinyesi cha viwavi pamoja na mabaki ya majani vilitupwa bwawani. Hariri ilipokwisha kukokotwa, mabuu yaliyobaki ndani ya vifukofuko yalikuwa pia chakula cha samaki. Ndani ya bwawa walifugwa pamoja samaki wa aina kadhaa wa jamii ya karpu, kila mmoja akiwa na chakula chake na mahali pake. Karpu wa majani alikula nyasi, karpu wa fedha alichuja mimea midogo sana inayoelea majini, karpu mwenye kichwa kikubwa alikula vijidudu, na wengine walitafuta riziki yao chini kwenye matope. Hatimaye matope ya chini yalichotwa, yakapandishwa juu ya matuta na kuwa mbolea ya miforosadi. Mvua nayo ilirudisha sehemu ya udongo huo bwawani, na kazi ikaanza upya.

Mfumo huu haukuwa umefungwa kabisa. Jua liliingia, maji ya mifereji yaliingia, na samaki na hariri vilitoka kwenda sokoni. Hata hivyo, virutubisho vingi vilizunguka palepale kati ya tuta na bwawa. Mwanajiografia Zhong Gongfu wa Guangzhou aliyachunguza mabwawa haya kwa muda mrefu, na mwaka 1988 yeye na mwenzake Kenneth Ruddle walichapisha kitabu kuyahusu, ambacho kiliwafanya wataalamu wa nchi nyingine wayafahamu.

Sasa tuangalie suala la hewa. Samaki anapumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, na oksijeni hiyo ni kidogo sana. Maji yenye joto la nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi katika kila lita, na yakifika nyuzi 30 uwezo huo unapungua hadi miligramu 7 na nusu. Kiasi hicho kikishuka chini ya miligramu 3, samaki wengi wanaanza kutaabika. Majira ya joto ya Guangzhou ni makali, kwa hiyo hatari hiyo iko karibu kila mwaka.

Mchana, mimea midogo inayoelea majini inatengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku mimea hiyo inaacha kutengeneza oksijeni na yenyewe inaitumia, sawa na samaki na bakteria wa matopeni. Ndiyo maana saa mbaya kuliko zote kwa mfugaji wa samaki ni kabla ya mapambazuko. Akifika bwawani saa kumi na moja alfajiri akawaona samaki wamejaa juu, midomo wazi, wakimeza hewa, anajua kwamba asipofanya kitu haraka atakuwa na hasara kabla jua halijapanda.

Hapa ndipo tunapoona werevu wa wakulima wa zamani. Karpu wa fedha alipokula mimea midogo alizuia isizidi kiasi, maana ikizidi inavuta oksijeni nyingi usiku, na ikifa kwa pamoja inaoza. Matope yalipochotwa kwa ajili ya miforosadi, uchafu unaooza na kumaliza oksijeni ulitolewa pia. Mkulima aliyebeba ndoo ya matope mgongoni alidhani anarutubisha mti, na kweli alikuwa anaurutubisha, lakini wakati huohuo alikuwa anawapa samaki wake pumzi.

Mfumo huo ulikuzwa na biashara, na hatimaye ukaharibiwa na biashara. Mwaka 1757 Mfalme Qianlong aliamuru kwamba wafanyabiashara wa Ulaya watumie bandari ya Guangzhou peke yake. Hariri ikapata soko kubwa, na wakulima wengi wa delta wakaacha mpunga, wakachimba mabwawa na kupanda miforosadi. Katika miaka ya 1870, Chen Qiyuan, mzaliwa wa Nanhai aliyewahi kuishi ng'ambo, alijenga kijijini kwao kiwanda cha kukokota hariri kwa kutumia mvuke, na viwanda vya namna hiyo vikaenea. Kisha mdororo wa uchumi wa dunia wa miaka ya 1930 ukaangusha bei ya hariri. Miforosadi mingi iling'olewa, na mahali pake pakapandwa miwa.

Baada ya China kuanza mageuzi ya uchumi mwaka 1978, mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi. Kazi ya kuchota matope ni nzito, na kijana aliyeweza kupata mshahara kiwandani hakuona sababu ya kuifanya. Mabwawa mengi yalifukiwa ili kujenga viwanda na nyumba. Shunde ikawa kituo kikubwa cha vyombo vya umeme vya nyumbani. Kampuni ya Midea, inayojulikana duniani kwa viyoyozi, ilianza mwaka 1968 kama karakana ndogo katika mji mdogo wa Beijiao, hukohuko Shunde.

Mabwawa yaliyobaki yanaendeshwa kwa njia nyingine. Samaki ni wengi zaidi katika maji yaleyale, chakula chao kinanunuliwa kwenye magunia, na hewa inatoka kwenye mashine zenye magurudumu yanayopiga maji ili yachanganyike na hewa ya juu. Ni lazima tuseme ukweli kwamba njia hii inatoa samaki wengi kuliko ile ya kale, na familia nyingi zimeinuka kimaisha kwa ajili yake. Lakini bwawa hilo sasa linategemea waya wa umeme. Umeme ukikatika usiku wa joto, saa chache tu zinatosha kuwaua samaki wote. Kwa hiyo mfugaji anahitaji jenereta ya akiba na kengele ya kumwamsha. Matope nayo, yasipopata shamba la kupokea mbolea yake, yanabaki chini yakioza, au yanamwagwa mferejini na kuwa tatizo la jirani.

Swali hili la wakulima wa Guangdong ndilo linalowasumbua pia wanasayansi wanaotaka kuwapeleka watu kuishi mwezini. Ndani ya nyumba iliyozibwa pande zote, nani atengeneze hewa, na uchafu uende wapi?

Huko Krasnoyarsk, Urusi, maabara iitwayo BIOS-3 ilikamilika mwaka 1972. Watu watatu waliishi ndani yake hadi siku 180, wakipata oksijeni kutoka kwa ngano, mboga na mimea midogo ya majini. Nchini Marekani, mwaka 1991 watu wanane waliingia katika jengo la vioo la Biosphere 2 huko Arizona, wakakaa miaka miwili. Ndani mlikuwa na msitu mdogo, shamba na hata bahari ndogo, lakini baada ya miezi 16 oksijeni ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 20.9 hadi asilimia 14 hivi, kiwango cha mtu aliye juu ya mlima mrefu. Udongo ulikuwa na mboji nyingi mno, na bakteria walioila walitumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Mimea ingeweza kuirudisha oksijeni hiyo, lakini zege la jengo lilifyonza sehemu kubwa ya hewa ya ukaa. Mwezi Januari mwaka 1993 ilibidi oksijeni iingizwe kutoka nje. Mfugaji wa Shunde angeelewa mara moja: uchafu unaooza ulizidi uwezo wa bwawa.

China nayo imefanya majaribio yake. Mwaka 2016 watu wanne waliishi siku 180 ndani ya maabara iliyofungwa mjini Shenzhen, katika mkoa huuhuu wa Guangdong, pamoja na aina 25 za mimea. Katika Chuo Kikuu cha Beihang mjini Beijing, kikundi cha Profesa Liu Hong kilijenga maabara inayoitwa Kasri la Mwezini namba 1. Kuanzia Mei 2017 hadi Mei 2018, watu wanane waliishi humo kwa zamu kwa siku 370, na asilimia 98 ya mahitaji yao yalitokana na vitu vilivyozungushwa humohumo ndani. Mkojo ulisafishwa ukawa maji, ngano na mboga zilirudisha oksijeni, na mabaki ya mimea yalilishwa funza wa njano ambao wenyewe ni chakula chenye protini. Watafiti wa chuo hicho waliwahi kuchunguza pia viwavi wa hariri kama chakula cha wanaanga. Hivyo mforosadi wa kwenye tuta la bwawa umeingia katika mahesabu ya safari za anga.

Turudi nyumbani. Mwaka 2009 serikali ya Kenya, katika mpango wake wa kuchochea uchumi, iliamua kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300. Baadhi ya wakulima walifaulu na wanaendelea. Wengine wengi waliyaacha, na miongoni mwa sababu ni bei ya chakula cha samaki na uhaba wa maji. Shimo lilichimbwa, lakini tuta lilibaki tupu. Chakula kilitoka dukani, na matope hayakuwa na pa kwenda.

Katika Ziwa Victoria tumeona pia gharama ya kukosa hewa majini. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, sangara wengi walikutwa wamekufa kwenye fukwe za Uganda, na wizara inayohusika ikaeleza kwamba chanzo ni upungufu wa oksijeni. Mwezi Novemba 2022, wafugaji wa samaki wa vizimba karibu na Kisumu waliamka na kukuta samaki wao wanaelea. Ziwa si bwawa, lakini kizimba kilichojaa samaki hakina pa kukimbilia maji ya chini yasiyo na hewa yanapopanda juu.

Hatusemi kwamba mashine za kutia hewa zisinunuliwe. Anayefuga samaki wengi katika maji machache anazihitaji, na Guangdong ni mahali pazuri pa kuzitafuta. Wala hatusemi kila mtu apande miforosadi, kwa sababu hariri haina soko kila mahali. Tutani panaweza kukaa migomba, mboga, majani ya ng'ombe au banda la kuku. La muhimu ni kwamba kabla ya kuchimba, mwenye bwawa awe na majibu ya maswali matatu: samaki watakula nini ambacho hakitoki dukani, matope yataenda shamba gani, na umeme ukikatika saa tisa usiku nani ataamka.

Wakulima wa delta walikuwa na majibu hayo kwa karne kadhaa, kisha wengi wao wakayapoteza katika muda wa kizazi kimoja. Ndani ya mji wenyewe wa Guangzhou, katika wilaya ya Haizhu, bado yako mashamba ya matunda yaliyopandwa juu ya matuta yenye mitaro ya maji kati yake, na mwaka 2023 ardhi oevu hiyo iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Yeyote mwenye nusu siku kati ya kufunga mizigo na kupanda ndege anaweza kwenda kuitembelea. Akaangalie jinsi maji yanavyoingia na kutoka, na akirudi nyumbani awaeleze wenye mabwawa.