Uwanja wa Vita Uliojengwa Juu ya Meza

Katika jiji la London, mtaa wa Chelsea, iko nyumba ya makumbusho ya majeshi ya nchi kavu ya Uingereza, nayo huitwa National Army Museum. Miongoni mwa vitu vilivyowekwa humo mna mfano mkubwa wa nchi, urefu wake futi 27 na upana wake futi 19 na zaidi. Autazamaye huona mabonde na miinuko, mashamba, njia, bustani za miti na nyumba za wakulima. Tena huona askari wadogo waliotengenezwa kwa risasi na bati, kimo cha kila mmoja milimita 10 hivi, na hesabu yao yapita 75,000. Huo ni mfano wa pigano la Waterloo, lililopiganwa katika nchi ya Ubelgiji siku ya Jumapili, tarehe 18 Juni, 1815, hapo Napoleon aliposhindwa na majeshi ya Duke wa Wellington pamoja na majeshi ya Prussia chini ya Jemadari Blücher.

Aliyeujenga mfano huo aliitwa William Siborne. Habari zake zafaa kusomwa na kila apendaye kazi ya mikono, na hata na yule asiyeipenda, kwa sababu zaonyesha jinsi ilivyo kazi kuweka kweli mbele ya macho ya watu, hasa kweli hiyo inapowahusu wakubwa.

KUPIMA NCHI

Siborne alizaliwa mwaka 1797. Alikuwa afisa wa jeshi, lakini hakuwapo Waterloo siku ile ya vita. Alifika Ufaransa baadaye mwaka ule ule, pamoja na jeshi lililokaa Paris. Ujuzi wake mkubwa ulikuwa kupima nchi na kuchora ramani, naye alikwisha kuandika vitabu juu ya kazi hiyo. Kwa hiyo mwaka 1830 Lord Hill, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Uingereza, alimwagiza atengeneze mfano wa pigano hilo.

Siborne hakuanza na askari, alianza na ardhi. Alikwenda Ubelgiji akakaa miezi minane katika nyumba ya shamba la La Haye Sainte, iliyokuwa katikati ya uwanja wa vita, akapima kila mteremko na kila njia. Kazi hiyo haikuwa rahisi, maana nchi yenyewe ilikwisha kubadilika. Katika miaka ya 1820 hadi 1826 Mfalme wa Uholanzi aliamuru kijengwe kilima cha ukumbusho chenye sanamu ya simba, kimo chake mita 40 na zaidi, na udongo wake ukachotwa pale pale juu ya mwinuko ambapo askari wa Wellington walikuwa wamesimama. Ikawa lazima kuuliza watu na kulinganisha maneno yao, ili kujua mahali palivyokuwa kabla ya kuchimbwa.

Kipimo alichokichagua kilikuwa futi 9 kwa kila maili moja. Kwa kipimo hicho nchi ya ekari zipatazo 4,000 iliingia katika chumba kimoja. Lakini kama angewatengeneza askari kwa kipimo hicho hicho, kila mtu angekuwa na kimo cha milimita 3 tu, asingeonekana vema. Basi akawafanya wakubwa kuliko ardhi waliyosimama juu yake, na miinuko pia akaizidisha kimo, ili jicho la mtazamaji liweze kuitambua.

MASWALI KWA MAAFISA

Baada ya hapo Siborne aliwaandikia barua maafisa waliopigana Waterloo na ambao walikuwa bado hai. Aliwauliza: Kikosi chako kilikuwa wapi kiasi cha saa moja ya jioni, wakati askari wa Walinzi wa Napoleon waliposhambulia? Kilipangwa namna gani? Adui aliyekuwa mbele yenu alipangwaje? Na tena, mahali hapo palikuwa na mazao gani shambani?

Swali hilo la mwisho mkulima atalifahamu mara moja. Mwezi wa Juni katika nchi ile nafaka huwa imesimama mashambani, na nafaka iitwayo rai, jamaa ya ngano, yaweza kufika kimo cha mtu. Askari waliosimama ndani yake hawakuwaona adui mpaka walipokuwa karibu kabisa. Na shamba lililokwisha kukanyagwa na maelfu ya farasi si sawa na shamba zima. Basi Siborne alitaka kujua hata hayo. Alipokea majibu yapatayo 700. Hakuna aliyewahi kukusanya ushahidi mwingi kama huo juu ya pigano hilo kutoka kwa wale waliopigana wenyewe.

DENI NA MANENO

Mwaka 1833 Serikali ilikataa kuendelea kulipa gharama. Siborne angeweza kuacha, lakini hakuacha. Alikopa fedha akaendelea mwenyewe, huku akifanya kazi yake ya ofisi ya jeshi huko Dublin. Gharama zote zikafika paundi 3,000 hivi, nazo zilikuwa mali nyingi sana kwa afisa wa cheo kidogo.

Shida ya pili ilikuwa nzito kuliko ya fedha. Siborne alikuwa amewaandikia Waprusia pia, kwa kuwa hao nao walipigana. Kwa majibu yao aliona kwamba ilipofika saa moja ya jioni Waprusia wengi walikwisha kuingia vitani upande wa kushoto wa Waingereza, akawaweka katika mfano wake. Jambo hilo halikuwapendeza wakubwa wa jeshi. Waliona kwamba mtazamaji atadhani Napoleon alishindwa kwa nguvu za Waprusia, na sifa za Duke zitapungua. Duke mwenyewe alitoa hoja kwamba mfano waweza kuonyesha dakika moja tu ya vita, nao huu ulikuwa ukichanganya mambo ya nyakati mbalimbali.

Siborne alishika neno lake muda mrefu, lakini mwisho akaondoa sehemu ya sanamu za Waprusia. Si vigumu kuelewa kwa nini: alikuwa na deni, na wakubwa wake ndio waliokuwa na njia ya kumsaidia. Hata hivyo msaada alioutumaini haukuja.

Mfano ulifunguliwa kwa watu mwaka 1838 katika Egyptian Hall, London. Watu wapatao 100,000 walilipa shilingi moja moja kuutazama, lakini fedha alizozitumia Siborne hazikumrudia. Mwaka 1844 alionyesha mfano wa pili, wa sehemu ndogo tu ya pigano lile, wakati wapanda farasi wa Uingereza waliposhambulia. Huo sasa umo katika makumbusho ya Royal Armouries, Leeds. Mwaka huo huo alitoa kitabu chake cha historia ya vita vya 1815. Alikufa mwaka 1849. Baada ya kufa kwake mfano mkubwa ulinunuliwa kwa fedha za mchango, na mwaka 1891 mwanawe alichapisha sehemu ya zile barua. Hata leo waandishi wa historia huzitumia, na hubishana juu yake.

KWA ATAKAYE KUJARIBU

Anayetaka kujenga mfano wake wa kwanza hana haja ya askari 75,000. Ubao wa sentimita 30 kwa 20 watosha, na watu watano au sita. Achague tukio moja na dakika moja: doria imesimama penye daraja, au wapagazi wakivuka mto. Kisha achague kipimo asikiache. Katika kipimo cha 1 kwa 72, mtu wa sentimita 175 huwa milimita 24, na ukuta wa mita 3 huwa milimita 42 hivi. Afanye hesabu hiyo kwa kila kitu: mlango, gari, mti.

Kwanza achore mpango kwenye karatasi iliyo sawa na ubao. Miinuko aifanye kwa vipande vya magazeti makuukuu vilivyolowekwa katika gundi ya unga, au kwa plasta, aiache ikauke kabisa. Juu yake apake gundi, anyunyize udongo uliochekechwa vizuri na kukaushwa kwa moto ili wadudu wafe. Nyuzi za mkonge zilizokatwa fupi na kutiwa rangi hufaa sana kuwa majani marefu au nafaka shambani. Rangi ya giza itangulie, na ile nyeupe zaidi ipakwe juu yake kwa brashi iliyo karibu kukauka, ili mabonde yabaki na kivuli. Askari wawekwe mwisho, kila mmoja akitazama kitu chenye maana, kwa sababu askari asiyetazama popote huharibu kazi yote.

Kabla ya kutia gundi ya mwisho, amwite mzee aliyeiona nchi ile au aliyekuwa askari, amwulize kama ndivyo ilivyokuwa: majani yalifika wapi, njia ilipita wapi, mzigo ulibebwa namna gani. Akipata majibu mawili yasiyopatana, yote mawili ayaandike na asilifute lolote kwa kumpendeza mtu. Na katika daftari hilo hilo aandike kila senti aliyoitumia, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari.