Sikio, Pua na Koo (3): Mbawakawa Aliyeingia Sikioni mwa Speke

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliangalia jinsi sikio lilivyoumbwa na jinsi usaha unavyoanza katika masikio ya watoto. Leo nina kisa kimoja tu cha mgonjwa mmoja. Kilitokea katika Ziwa Tanganyika mwezi wa Machi 1858, na kina thamani kwa daktari wa masikio hata sasa, kwa kuwa mgonjwa aliandika mwenyewe yaliyompata tangu usiku wa kwanza hadi miezi saba baadaye. Ni nadra kupata habari kamili namna hiyo kutoka enzi ambayo dawa za kuua vijidudu vya maradhi zilikuwa bado hazijajulikana.

Mgonjwa alikuwa John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Waingereza la India. Yeye na Richard Burton walikuwa wamefika Ujiji mwezi wa Februari mwaka huo, katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Burton alikuwa hoi kwa maradhi, hawezi kusafiri. Speke, ambaye macho yake pia yalikuwa mabovu, akavuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Kasenge kumwomba mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, awape jahazi. Njiani akatua katika kisiwa cha Kivira. Usiku dhoruba ikaivamia hema yake. Ilipotulia aliwasha mshumaa apange vyombo vyake, na mwanga ule ukavuta kundi la mbawakawa wadogo weusi, wakajaa hema nzima. Alijaribu kuwapangusa mwilini na matandikoni, akashindwa, akaamua kulala nao hivyo hivyo. Mmoja akaingia sikioni.

Njia aliyopita mdudu huyo ni fupi. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa sentimita 2.5 hivi, na haukunyooka. Theluthi yake ya nje ni gegedu lenye ngozi nene kiasi, vinyweleo na tezi za nta. Theluthi mbili za ndani ni mfupa, na ngozi inayoufunika mfupa huo ni nyembamba mno, haina mafuta chini yake ya kuikinga, na imejaa neva. Hata tawi la neva ya vagasi, ile inayoshuka hadi kifuani na tumboni, hufika humo. Ndiyo sababu watu wengine hukohoa wakati sikio lao linaposafishwa. Mwishoni kabisa ipo ngoma ya sikio, utando wenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Mdudu akifika hapo hana pa kwenda mbele, na upana wa mfereji haumruhusu kugeuka. Basi huparura. Kila mguu unaokwaruza ngoma ile husikika kwa mgonjwa kama kishindo, kwa kuwa kazi ya ngoma hiyo ni kupokea mtikisiko mdogo kabisa na kuupeleka ndani. Speke alieleza kwamba mdudu wake alichimba kwa nguvu zake zote, na kwamba hajapata kuona maumivu kama yale maishani mwake.

Alichofanya kwanza kilikuwa sahihi. Alitafuta mafuta, tumbaku au chumvi ya kumtolea mdudu, hakupata hata kimoja kambini, akayeyusha siagi na kuimimina sikioni. Wadudu hawapumui kwa mdomo. Hewa huingia mwilini mwao kupitia vitundu vidogo vilivyo ubavuni, na mafuta huviziba. Lakini lazima mafuta yaujaze mfereji wote na yakae humo dakika kadhaa, mgonjwa akiwa amelala ubavu, sikio lenye mdudu likielekea juu. Siagi iliyoyeyushwa huanza kuganda mara ipoapo, na usiku ule ulikuwa wa dhoruba. Kwa sababu hiyo au nyingine, mdudu hakufa.

Ndipo Speke akachukua kisu kidogo cha kukunja na kumchoma mdudu mgongoni kwa ncha yake. Mdudu alitulia baada ya kuchomwa mara chache, lakini ncha ilikuwa imelijeruhi sikio vibaya. Kuanzia hapa kisa kinabadilika, na naomba msomaji akifuate kwa makini, maana yote yaliyofuata yalianzia kwenye kidonda cha kisu.

Sikio lilivimba, likatunga usaha. Uvimbe ukashuka shingoni hadi begani, uso ukavutwa upande mmoja, na majipu yakajipanga njia nzima. Kwa siku kadhaa hakuweza kutafuna, akaishi kwa mchuzi. Kwa miezi mingi alikuwa karibu kiziwi. Zaidi ya hayo, kila alipopenga kamasi sikio lake lilipiga mluzi, na waliokuwa karibu waliusikia wakacheka. Yeye aliamini kwamba uvimbe ulikuwa umekula tundu kati ya sikio na pua. Baada ya miezi sita au saba, vipande vya mdudu vilitoka pamoja na nta: mguu, bawa, sehemu za mwili.

Tuchukue mluzi kwanza. Tundu kati ya sikio na pua sote tunalo tangu kuzaliwa. Ni mrija unaotoka nyuma ya pua hadi chumba kilicho nyuma ya ngoma ya sikio, nao unaitwa mrija wa Eustachio kwa jina la Bartolomeo Eustachi, mwanaanatomia wa Italia wa karne ya 16. Huo ndio unaofunguka unapomeza mate ukishuka mlima kwa gari na masikio yakazibuka. Kwa mtu mzima wa afya hewa inayopanda kwenye mrija huo hugota kwenye ngoma. Ikitoka nje kwa mluzi, ngoma imetoboka. Mwitaliano mwingine, Antonio Maria Valsalva, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1704 jinsi mtu anavyoweza kuziba pua na mdomo, kisha akasukuma pumzi ili kutoa usaha sikioni. Speke alikuwa akifanya jambo hilo hilo bila kujua kila alipopenga, na aliyesikia mluzi ule alikuwa amesikia dalili ya ugonjwa kwa masikio yake mwenyewe.

Majipu ya shingoni yana uzito zaidi. Nyuma ya sikio pana mfupa wenye vyumba vidogo vya hewa, na usaha wa sikio la kati ukikosa njia huingia humo. Mwaka 1881 daktari wa Munich, Friedrich Bezold, alieleza jinsi usaha unavyoweza kutoboa ncha ya chini ya mfupa huo na kushuka kati ya misuli ya shingo. Ukisoma maneno ya Speke leo, huwezi kuacha kumfikiria Bezold. Usaha ukishuka shingoni, mgonjwa huteseka. Ukipanda, huufikia utando wa ubongo. Madaktari waliomtibu mwandishi Oscar Wilde, aliyefariki Paris mwaka 1900, walisema kifo chake kilitokana na uvimbe wa ubongo ulioanzia katika usaha wa zamani wa sikio la kulia, ingawa baba yake, William Wilde wa Dublin, alikuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa masikio wa karne yake. Speke alinusurika na jambo kubwa kuliko alivyofahamu.

Kutoka kwa vipande vya mdudu kwenye nta ni habari njema pekee katika kisa hiki, nayo ina maelezo yake. Ngozi ya mfereji wa sikio haikai mahali pamoja kama ya mkono. Huota kwenye ngoma na kusogea nje polepole, takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kwa siku, ikibeba nta, vumbi na chochote kilichonaswa. Watafiti walithibitisha hili kwa kutia nukta za wino kwenye ngoma na kuzifuatilia zikihama. Sikio hujisafisha lenyewe. Nimeeleza jambo hili kwa watu wengi na nitaendelea kulieleza, kwa kuwa mazoea yetu yanakwenda kinyume nalo: njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, kifuniko cha kalamu, ufunguo, chelewa, na sasa vijiti vya pamba vinavyouzwa madukani kana kwamba viliundwa kwa kazi hiyo. Vyote husukuma nta ndani, mahali ambapo ngozi haiwezi tena kuitoa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulikadiria kwamba watoto wapatao 263,000 walitibiwa katika vyumba vya dharura vya nchi hiyo kati ya 1990 na 2010 kwa majeraha ya vijiti vya pamba, yaani kama watoto 34 kila siku. Wengi wao walijeruhiwa wakisafishwa masikio tu, na hapakuwa na mdudu wala kitu kingine cha kutoa.

Je, wadudu huingia masikioni mara nyingi? Mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Hospitali moja ya Afrika Kusini iliweka hesabu kwa miaka miwili ikapata wadudu 24, kumi kati yao wakiwa mende wadogo wa nyumbani, wanane nzi, na watatu mbawakawa. Mende hupenda kujibana penye wembamba na giza, na mtu aliyelala hana habari. Ndiyo maana kummulika mende kwa tochi ili atoke hakufai, kwani hukimbia mwanga, na hapo kukimbia ni kwenda ndani zaidi.

Mwaka 1985 madaktari wa Marekani waliandika katika jarida la tiba la New England habari ya mgonjwa aliyefika na mende katika kila sikio. Wakaona wamepata nafasi ya kulinganisha tiba mbili ndani ya mtu mmoja. Sikio moja walitia mafuta ya madini. Mende akafa, lakini kumtoa kulihitaji ustadi. Sikio la pili walipuliza dawa ya ganzi aina ya lidokeini, na mende akatoka mbio mwenyewe. Mgonjwa mmoja hathibitishi kanuni, na waandishi walilijua hilo. Wengine walifuata kwa majaribio ya maabara, wakiwatumbukiza mende katika vimiminiko mbalimbali na kupima muda hadi kufa, na katika mojawapo mafuta ya hadubini yakawa ya haraka kupita yote. Kwa maoni yangu lidokeini ibaki mikononi mwa tabibu, kwa kuwa ngoma ikiwa imetoboka dawa hiyo huweza kufika sikio la ndani na kumtia mgonjwa kizunguzungu kikali. Nyumbani, mafuta ya nazi au ya kupikia yanatosha, yakiwa na uvuguvugu wa mwili.

Uvuguvugu huo si anasa. Robert Bárány, daktari kijana wa Vienna, aliwaona wagonjwa wake wakipata kizunguzungu alipowaosha masikio kwa maji, na macho yao yakichezacheza upande mmoja. Mgonjwa mmoja alilalamika kwamba maji ni baridi. Bárány akamwekea ya moto zaidi, na kizunguzungu kikaja vilevile, lakini safari hii macho yalicheza upande wa pili. Alitambua kwamba baridi na joto huusukuma umajimaji wa mifereji ya mizani ya mwili iliyo katika sikio la ndani. Kwa kazi yake juu ya viungo hivyo vya mizani alitunukiwa Nobeli ya tiba ya mwaka 1914, na habari zikamkuta katika kambi ya wafungwa wa vita nchini Urusi. Kwa hiyo zahanati inayoosha masikio kwa maji ya bombani asubuhi ya baridi inafanya jaribio la Bárány kwa mgonjwa asiyelihitaji.

Mwaka 1858 chombo ambacho kingemwokoa Speke kilikuwa tayari kimeundwa. Miaka mitatu kabla, Mjerumani Anton von Tröltsch alikuwa ameonyesha Paris kioo chake chenye tundu katikati, kinachotupa mwanga ndani ya mfereji huku jicho la daktari likitazama kupitia tundu lile lile. Tangu hapo mkono uliweza kwenda pale tu jicho linapoona. Speke hakuweza kuliona sikio lake, na hakuna mtu mwingine awezaye kuona lake. Mama anayemtolea mtoto punje ya hindi kwa pini naye haoni: anaona mlango wa mfereji, na ncha ya pini iko sentimita mbili ndani zaidi ya pale jicho lake linapofika. Kila jaribio lisilofanikiwa huivimbisha ngozi na kukisukuma kitu ndani, kwa hiyo anayekuja wa tatu hukuta kazi ngumu mara nyingi zaidi ya aliyekuja wa kwanza. Afadhali mtoto aletwe akiwa bado hajaguswa, hata kama ni kesho yake.

Mafuta niliyoyataja ni kwa mdudu aliye hai tu, na kwa sikio lisilotoa usaha wala lisilojulikana kuwa na tundu. Punje ya hindi au ya maharage isitiwe maji, itavimba na kukwama. Na kipo kitu kimoja ambacho hakingoji kesho: betri ndogo ya duara, ile ya saa, ya rimoti na ya vidude vya kuchezea vinavyowaka taa. Katika unyevu wa sikio umeme wake huzalisha kemikali kali inayounguza ngozi, gegedu na hata ngoma, na uharibifu huanza ndani ya saa chache. Usitie mafuta, usitie dawa ya matone, usitie maji, kwa sababu kimiminiko huzidisha mkondo huo. Mchukue mtoto umpeleke hospitali usiku huo huo, na umwambie anayempokea neno betri kabla ya jina la mtoto. Betri ile ile ikimezwa na kukwama kooni ni hatari kubwa zaidi, na ndiyo tutakayoanza nayo juma lijalo.